Mshale wa Tano

Mwanzi hukatwa baridi ikiwa kali,
utomvu ukiwa umeshuka mizizini,
mwanzi wa miaka mitatu, si miwili, si minne.
Hayo aliniambia Pyo Gil-yong, fundi,
bila kuniinulia macho,
kisha akapiga chafya
na kuniuliza kama nimekuja na fedha taslimu.

Nilikuwa nazo. Mishale mitano
kwa bei ya jokofu.
Mume wangu hadi leo anaamini jokofu liko njiani.

Miaka kumi na mmoja nilitupa kaboni
kutoka banda letu la Gurye, ukingoni mwa mto,
mita mia na arobaini na tano hadi ubaoni.
Kaboni haina kinyongo.
Inyeshewe, isahauliwe garini mwezi wa nane,
itatoka vilevile ilivyoingia:
nyeusi, nyoofu, haikujui jina.
Niliipenda kama nilivyowapenda makarani wa benki
niliofanya nao kazi. Yaani, sikuichukia.

Lakini ngazi ya tano haipandwi kwa kaboni.
Upinde uwe wa pembe, mishale iwe ya mwanzi,
ama ubaki ulipo, na wa nne wenzako,
mkisifiana viatu.

Basi nikajifunza kulea.
Wa kwanza huvuta kushoto asubuhi, jua likipanda hutulia.
Wa pili hautaki jasho la mkono.
Wa tatu una fundo chini ya unyoya wa fezanti,
kidole gumba changu hulipata hata gizani.
Wa nne siuamini;
umegonga ubao mara nyingi kuliko yote.
Na wa tano,
wa tano haukuwa na neno.
Niliuacha wa mwisho kila zamu
kama mtu anavyobakiza kipande cha nyama pembeni ya sahani.

Ikaja mvua ya Julai. Unyevu ukaingia hata kwenye chumvi.
Ufa mwembamba, unywele mmoja tu,
kano zimelegea, gundi imelia.
Pyo akauzungusha karibu na sikio,
akaukunja kidogo.
"Huu umekufa," akasema, akanirudishia.
Mwingine? Mwezi wa tatu mwakani.
Akarudi kwenye makaa yake, kunyoosha
kilichozaliwa kikitaka kupinda.

Jumamosi hiyo nikamkuta uwanjani,
amevuta, mkono unamtetemeka kidogo, ameachia.
Mkandani mwake mishale minne.
Yote myeusi.

"Mganga hajigangi," nikamwambia.
Hakuona haya. Akafuata mshale kwa macho
mpaka taa nyekundu ikawaka kule mbali.
"Mwanzi mmoja naupitisha motoni mara mia.
Nikishaujua hivyo, nitautupaje?
Hii mkono wangu haukuihangaikia.
Ikipotea majanini, nalala."
Akasogea kunipisha.

Sasa napiga minne ya mwanzi na mmoja wa kaboni.
Kwa mtihani haifai. Kwa Jumanne inatosha.
Ile minne hutoka na mguno,
kila mmoja na wake, nikifumba macho nautambua.
Halafu zamu ya tano:
gumba linatafuta fundo, linateleza,
baridi, laini, hakuna mtu humo,
na kabla sijamaliza kufikiri hivyo
umeshafika.

Unagonga. Ndilo linaloniudhi.
Siku mbili kati ya tatu, unagonga.

Ule uliopasuka nimeusimika bustanini
ushikilie mche wa pilipili.
Mvua, jua, umande, na bado umenyooka
kuliko ukuta wa jirani.

Jana mume wangu ameuliza tena, jokofu limefika wapi.
Nikamwambia limefika zamani,
ila rafu moja imepasuka.